Mwiko Usiguse Upupu

Jua limezama?

— Limezama.

Limezama kweli, au mnanidanganya nisimulie mchana niote mkia?

— Limezama, bibi. Hata kuku wameingia bandani.

Basi paukwa.

— Pakawa.

Pakawa nini?

— Pakawa chungu, pakawa kuni, pakawa mwiko wa kukorogea.

Haya. Chungu kipo, kuni zipo, mwiko upo. Kilichobaki ni uongo, na huo ninao wa kutosha.

Hapo kale palikuwa na bonde likiitwa Mchungani. Liliitwa hivyo kwa ajili ya mchunga, ile mboga chungu mnayoikunjia nyuso. Lakini si mchunga tu ulioota pale. Kulikuwa na mshubiri wa vidonda, kulikuwa na mwingajini wa kikohozi, kulikuwa na kivumbasi cha kujifukizia mwenye homa. Mnyama akiugua alishuka bondeni, akachuma, akapanda zake. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Ila palikuwa na adabu yake. Huchumi dawa kama mwizi wa mahindi. Unafika kwenye mmea, unaugonga shina kwa kidole, ko ko ko, unasema, "Shina lako, jani langu, mzizi wa kesho." Kisha unachukua majani machache upande wa macheo, machache upande wa machweo, unashukuru, unaondoka. Mzizi unauacha. Mzizi si wako, ni wa yule atakayeugua kesho, na huenda ni wewe.

Aliyeijua adabu hiyo kuliko wote alikuwa Sange. Sange mnamjua? Yule mdogo kama panya, mwenye pua ndefu isiyotulia. Pua ya Sange ilikuwa kazini siku zote: fyu, fyu, fyu. Bibi yake alikuwa mganga, naye alimfundisha kila jani kwa harufu, mpaka Sange akawa anaweza kufumba macho na kukwambia hiki kivumbasi, huu mwingajini, na hiki ni kisigino chako, kaoge.

Sasa akatokea Ngiri.

Ngiri alikuwa na nguvu, hilo hatumnyimi. Alikuwa na meno mawili yaliyotoka nje ya mdomo na tumbo lililotangulia mbele yake. Siku moja alikata miiba, akaizungusha bonde zima, akaacha mlango mmoja tu. Mlangoni akakaa yeye.

"Kuanzia leo mganga wa hapa ni mimi," alisema. "Anayetaka dawa alete chakula."

Kanga akamuuliza, "Mkoba wa uganga kakupa nani?" Maana mganga hajizushi, hupewa mkoba na aliyemtangulia.

"Kanipa tumbo langu," alisema Ngiri.

Na uganga wake wote ulikuwa maneno haya: "Chungu ni dawa, tamu ni chakula. Chungu chenu, tamu yangu."

Basi Kanga akashikwa na kikohozi, akaleta mtama. Ngiri akala mtama, kafu kafu kafu. Akashika mmea wa kwanza aliouona, akaung'oa na mizizi yake, akampa. Ulikuwa mshubiri. Kanga akaulamba, mdomo ukafungika kwa uchungu, akanyamaza kutwa nzima. Ngiri akatangaza kwamba kikohozi kimekwisha.

Swala akaumia mguu, akaleta viazi. Ngiri akala viazi, kafu kafu kafu. Akang'oa mchunga na mizizi yake, akampa ajifunge kidondani. Nzi walifurahi sana.

Kila mgonjwa aliyekuja alipewa jani lisilo lake, na kila jani lililotoka lilitoka na mzizi. Hakugonga shina, hakusema neno. Bonde likaanza kuota upara, na mizizi ikalala juani ikitazama juu.

Haya yote Sange aliyaona akanyamaza. Alikuwa mdogo, na mdogo hujifunza kunyamaza mapema. Lakini asubuhi moja mwanawe, Kijugu, aliamka akitetemeka. Meno yake yaligongana: tetete, tetete. Sange akamgusa kipaji cha uso, kikamuunguza. Akampa kumbikumbi, akakataa. Akampa maji, akakataa. Jana yake pia hakula kitu.

Sange aliijua homa ile, na aliijua dawa yake. Ilikuwa kivumbasi, achemshiwe nyungu, afunikwe, atoke jasho. Akazunguka nje ya ua wa miiba akinusa: fyu, fyu, fyu. Nje hapakuwa na hata chipukizi, vyote Ngiri alikuwa ameving'oa au kuvikanyaga. Kilichobaki kilikuwa ndani. Akambeba mtoto mgongoni, akaenda mlangoni, na moyo ulikuwa mzito kuliko mtoto.

"Hodi, Bwana Ngiri."

"Umeleta nini?"

"Nimeleta mgonjwa."

"Mgonjwa haliwi. Umeleta nini?"

"Sina kitu, Bwana. Naomba kivumbasi, konzi moja tu, nimfukize mtoto."

"Kivumbasi ndicho kipi?"

Pua ya Sange ikaelekea mbele: fyu. "Hicho ulichokikalia," alisema.

Ngiri akainuka, akageuka, akatazama. Aliona majani. Akatazama kushoto, akaona majani mengine. "Yote ni kijani," alisema, akakaa tena. "Huna chakula, huna dawa. Ila ngoja, wewe kijipua. Si bibi yako ndiye aliyekuwa mganga?"

"Ndiye."

Ngiri akashusha sauti. "Mimi nina ugonjwa. Nakula, nakula, nakula, halafu tumbo linajaa na chakula bado kipo. Linanisaliti, Sange. Bibi yako hakuwa na dawa ya mtu kula asishibe?"

Bibi yake Sange hakuwa na dawa ya upuuzi wa namna hiyo, na Sange alikuwa karibu kusema hivyo. Lakini mgongoni Kijugu alitetemeka, tetete, na wakati huohuo upepo ukapita kwenye ua, ukaleta harufu. Fyu. Upupu.

Upupu mnaujua. Wewe Mbwana unaujua zaidi, maana ulimwekea mwenzako kwenye mkeka. Mtambaazi wenye maganda ya rangi ya asali, yana manyoya laini ya kumpendeza mtu. Ukiyagusa, unajikuna mpaka unasahau jina la baba yako. Na mtambaazi huo ulikuwa umepanda juu ya ua wa Ngiri, maganda yamekauka, yananing'inia.

"Lipo jambo," alisema Sange polepole. "Lipo jani ambalo ukilipata, siku hiyo hutashiba kamwe."

Na hapo hakusema uongo. Mtu anayejikuna hali, sasa atashibaje?

"Nipe," alisema Ngiri.

"Dawa hiyo ina mwiko."

Sasa tulieni hapa. Mmesikia wenyewe mwanzoni, mchana hatusimulii hadithi, ni mwiko. Na dawa ya mganga ni hivyohivyo, kila dawa na mwiko wake: huyu asile samaki, yule asivuke mto, mwingine asipokee kitu kwa mkono wa kushoto. Mtoto wa mganga hulijua hilo kabla hajaota meno. Lakini Ngiri hakufundishwa na mtu. Yeye alijua mwiko mmoja tu, wa jikoni.

"Mwiko ninao," alisema. "Mkubwa, wa mninga."

Sange akafungua mdomo amsahihishe. Mtu mwema angemsahihisha. Kijugu akatetemeka, tetete. Sange akafunga mdomo, kisha akaufungua tena, ukatoka na maneno mengine.

"Mkubwa kiasi gani?"

"Kama mguu wangu."

"Uangalie usiuvunje."

"Tangu enzi za mama yangu haujavunjwa."

"Basi ninyi ni watu wa heshima," alisema Sange. "Wengi huvunja mwiko mapema."

Ngiri akafurahi sana kuitwa mtu wa heshima, akapisha mlango.

Sange akaingia. Akafika kwenye kivumbasi, akagonga shina, ko ko ko. "Shina lako, jani langu, mzizi wa kesho." Akachuma upande wa macheo, akachuma upande wa machweo.

"Unagonga nini?" alicheka Ngiri. "Kwani ndani kuna mtu?"

"Mwenye nyumba yumo," alisema Sange, akaendelea kuchuma.

Chungu kilikuwa cha Ngiri, maji yalikuwa ya Ngiri, kuni alizileta Ngiri mwenyewe akikimbia. Kivumbasi kikachemka, bwata bwata bwata, harufu ikajaa bondeni. Sange akaomba mkeka, Ngiri akaleta mkeka. Chungu kikaepuliwa, Sange akamkalisha Kijugu mbele yake, akawafunika wote wawili, chungu na mtoto.

Ngiri akakunja uso. "Mbona anaingia yeye? Mwenye shida si mimi?"

"Kijugu hajala tangu jana," alisema Sange. "Hana hamu hata ya kumbikumbi. Akitoka humo akaomba chakula, utajua dawa imekubali. Asipoomba, umenusurika, hukuwa wewe. Au unataka ujaribiwe wewe?"

Ngiri akafikiri. Hakutaka kujaribiwa.

"Basi penyeza mwiko chini ya mkeka, ukoroge mvuke utoke."

Ngiri akapiga magoti, akapenyeza mwiko, akakoroga. Koro, koro, koro.

"Koroga, Bwana Ngiri."

"Nakoroga."

"Usivunje mwiko."

"Sivunji."

Koro, koro, koro. Jasho likamtoka Ngiri puani.

"Koroga, Bwana Ngiri."

"Nakoroga, nakoroga."

"Usivunje mwiko."

"Nimekwambia sivunji."

Mlango haukuwa na mlinzi, kwa hiyo Kanga alichungulia. Alichokiona hakukiamini, akaenda kumwita Swala. Wakasimama pale wawili wakimtazama mganga mkuu wa bonde, amepiga magoti, anampikia nyungu mtoto wa Sange.

Chini ya mkeka, tetete ikawa tete, tete ikawa te, mwisho kukawa kimya. Sange akasogeza pua kwenye ukingo wa mkeka, akanusa: fyu.

"Mama," ilisema sauti ndogo. "Nina njaa."

Sange akafunua mkeka, akamwona mtoto ameloa chapachapa, macho maangavu, kipaji baridi. Ngiri, kwa haraka ya kuhakikisha dawa yake, akampa kiazi. Kijugu akakila chote. Akaomba kingine.

"Dawa imekubali," alinong'ona Ngiri, na mate yalimdondoka.

Sange angeweza kumbeba mwanawe aondoke zake, na mimi ningekwenda kulala. Lakini alitazama bonde. Aliiona mizizi imelala juani, akamwona Kanga anakohoa mlangoni, Swala anachechemea. Kijugu amepona leo. Homa ikirudi, atamfukizia nini?

"Sasa zamu yako, Bwana Ngiri," alisema. "Ila sikiliza kwanza mwiko."

"Mwiko huu hapa mkononi. Sema."

"Nasema mbele ya watu, asije mtu akasema sikusema." Sange akawatazama Kanga na Swala. Kisha akasema yote kwa pumzi moja, bila kituo: "Mwiko usiguse upupu."

"Upupu ndio upi?"

"Ule pale juu ya ua, wenye maganda ya manyoya."

Ngiri akayatazama maganda. Yaling'aa kwa jua, yalikuwa mazuri. Akautazama mwiko wake. Mnadhani mwenye tamaa hana akili? Si kweli. Anayo, na inafanya kazi sana, ila huanzia tumboni.

"Kumbe dawa yenyewe ni ile," alisema. "Mwiko usiguse. Mti ukigusa, utanyonya nguvu zote za dawa. Ndiyo maana. Basi utaguswa kwa mikono."

"Mimi nimesema mwiko usiguse upupu," alisema Sange. "Zaidi ya hapo sijasema."

"Nimesikia, nimesikia. Mwiko usiguse." Ngiri akauchukua mwiko wake, akauweka juu ya jiwe, mbali kabisa na ua. Akarudi nyuma, akautazama, akaona bado uko karibu, akausogeza mbali zaidi. "Hapo hautagusa."

Kanga akafungua mdomo kusema kitu. Swala akamkanyaga mguu.

Ngiri akauendea upupu. Hakugonga shina. Hakusema neno. Na hakuchukua ganda moja, maana aliogopa lingine lisije likabaki kwa mwenzake. Aliukumbatia mtambaazi wote, akauvuta, akaubana kifuani, akaubana shingoni, akausugua shavuni.

"Ah," alisema. "Laini."

Akaenda hatua moja. Akaenda ya pili. Akasimama.

Kwaru.

Akajikuna kifua, mwasho ukahamia shingoni. Kwaru kwaru. Akajikuna shingo, ukahamia mgongoni. Kwaru kwaru kwaru. Mgongo Ngiri haufikii, miguu yake mifupi. Akautupa upupu chini, akajisugua kwenye ua wa miiba. Raha iliyoje ile. Akajisugua tena, ua ukalala. Akahamia kando, akajisugua, ua ukalala. Kwaru, pwata. Kwaru, pwata. Akalizunguka bonde zima namna hiyo, akijisugua na kulia, na alipofika alikoanzia hapakuwa na ua tena, palikuwa na miiba iliyosagika chini na bonde wazi pande zote.

"Umenidanganya," alilia. "Umesema sitashiba."

"Umeshiba?" aliuliza Sange.

"Nitashiba saa ngapi, na mdomo wangu unaniwasha?"

"Basi. Na mwiko nilikwambia usiguse."

"Mwiko haukugusa! Uko pale juu ya jiwe!"

"Naam, mwiko ni mzima," alisema Sange. "Aliyegusa ni wewe."

Hapo ndipo Kanga alipocheka, kikohozi kikamkaba, akacheka nacho. Ngiri akaanguka miguuni pa Sange, yeye na meno yake yote.

"Mama Kijugu," alisema, maana lile jina la kijipua alikuwa amelisahau. "Dada yangu. Nipe dawa yake."

Sange akamhurumia. Hakupenda kumhurumia, lakini kilio ni kilio. "Dawa yake ni tope," alisema. "Lipo kule chini kwenye dimbwi. Jigaagaze, liache likauke, litoke na manyoya yake. Ila tope nalo lina mwiko."

Ngiri aliganda, mguu mmoja juu, katikati ya kujikuna, maana sasa aling'amua kuwa miko ni miwili.

"Mwiko upi huo?" aliuliza. "Wa jikoni au wa kukatazwa?"

"Mwiko usikae tena mlangoni mwa bonde."

Ngiri akatazama mwiko juu ya jiwe. Akamtazama Sange. Akajitazama. Kujua upi ndio upi hakuweza, na kuuliza tena aliogopa. Akaudaka mwiko, akautupa ng'ambo ya kilima, na yeye mwenyewe akaufuata, ili asikosee. Alikimbia mkia juu, akajitupa dimbwini, bwaa. Ndiyo maana mpaka leo ngiri akikimbia mkia uko juu, na akiona tope hapiti.

Watu wa Mchungani wakaingia bondeni. Sange akairudisha mizizi ardhini, mmoja mmoja, akiisukumia kwa pua, na mvua zilipokuja mingi ikachipua. Mingine ilikufa. Kanga akapata majani yake ya kikohozi, Swala akapata mshubiri wake wa kidonda. Kijugu naye akafundishwa kugonga shina.

Siku moja Kijugu alikuwa bondeni peke yake, amekaa pale pale palipokuwa mlango. Akamwona Ngiri anakuja polepole, amepakaa tope mpaka masikioni, ameshika tumbo.

"Umeleta nini?" aliuliza Kijugu.

Ngiri akainamisha uso. "Nimeleta mgonjwa."

"Mgonjwa nani?"

"Mimi."

Kijugu akakumbuka kiazi.

"Pita," alisema. "Mchunga wa tumbo ule pale."

Ngiri akaenda, akapiga magoti mbele ya mchunga, akagonga shina kwa jino lake, taratibu sana. Ko ko ko.

Sasa, mnataka funzo. La kwanza ni hili: msiseme uongo. Sange hakusema uongo hata mmoja na ameshinda. Semeni ukweli siku zote, ila semeni haraka, bila kituo. La pili, msiwe na tamaa, kwa maana Kijugu aliomba kiazi cha pili, na mmeona mabaya yaliyomfika: alishiba. La tatu, mkienda kwa mganga, kila mtu abebe mwiko wake. Mkubwa. Wa mninga.

— Bibi, mwiko upi?

Haya, Mbwana. Wewe ndiye utakayeokota kuni kesho.

Hapo nimeutua mzigo. Hadithi hii ikiwa tamu, ni chakula, gawaneni. Ikiwa chungu, ni dawa, nirudishieni mimi. Na anayejikuna huko nyuma aniambie, aligusa nini.